Meshi za Kuoza Mabinti Watatu

Nitasema wazi: kama hapa Bunia kuna mutu anayejua kutunza meshi kunipita, bado sijamuona, na kama yuko, aje mtaani kwetu Saio tushindane. Pakiti moja ya meshi, zile nywele za kununua ambazo wanawake tunashonea juu ya zetu, niliitunza muda mrefu kuliko wengine wanavyotunza ndoa zao. Wala haikuwa kwa kupenda urembo. Ilikuwa kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya mudomo wa shangazi yetu.

Mambo yenyewe yalianza mbele siye tuzaliwe. Mama aliolewa wakati wa kukimbia vita. Jamaa yake ilikuwa imelala porini, kisha ikawekwa ndani ya darasa la shule pamoja na jamaa nyingine nyingi, na huko chawa wakawatawala hata wote wakanyolewa vichwa, wazee kwa watoto. Ng'ombe za dote, yaani mahari, zilikuwa zimekwisha kutolewa kabla ya vurugu. Basi utulivu uliporudi kidogo, wazee wakasema bibi-arusi apelekwe tu, nywele zitamea njiani. Hazikumea njiani. Mama alifika kwa kina Baba na kichwa kitupu kinachong'aa, hana hata kitambaa cha kujifunika. Dada ya Baba, ndiye huyo shangazi yetu, alikuwa amesimama mulangoni kumupokea, akasema mbele ya watu wote: "Siye tulitoa ng'ombe, na wao wametuletea kijana mwanaume."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, ungefanya nini? Shida ni kwamba shangazi aliyapenda yale maneno yake, akawa anayaleta kila karamu. Ubatizo, ile maneno. Noeli, ile maneno. Hata mugeni aliyekuja mara moja tu kununua maharagwe aliwahi kuhadithiwa. Mama alicheka kila mara, halafu alienda jikoni, na huko jikoni tulisikia masufuria yanavyowekwa chini kwa nguvu.

Kwa hiyo dada yetu mukubwa alipochumbiwa, Mama alimuita mudogo wake, aliyekuwa anafanya biashara mpaka Kampala, akamuambia: "Uniletee meshi. Isiwe ya plastiki. Nywele ya mutu, ndefu, ya kudumu." Mama mudogo akaleta. Mama akatuita mabinti wake wote watatu chumbani, akaifungua ile pakiti juu ya kitanda: nywele nyeusi, laini, zimeshonwa kwenye kanda ndefu zilizokunjwa vizuri. Hatukuwa tumeona kitu kama kile ndani ya nyumba yetu.

"Hii ndiyo itawaoza nyote watatu," akasema. "Hakuna binti yangu atatoka hapa na kichwa kama ile yangu ya ile siku. Mudogo wenu akiisha kuolewa, ikatike, itupwe, sina neno. Mbele ya pale, isikufe." Halafu akanigeukia mimi, wa katikati. "Na weye, kwa sababu uko na hasira, ndiye utaichunga."

Nikaivalia njuga. Niliuliza wasusi wote wa Saio, nikasikiliza mabishano yao, nikachukua kilicho na akili nikaacha kingine. Dada mukubwa alipoolewa, alitakiwa kwenda na mume wake Kpandroma kesho yake asubuhi, na hapo ndipo nilipotia mguu. Meshi zetu ziende Kpandroma juu ya moto, ile pikipiki ya bwana-arusi, ndani ya lile vumbi? Nikamukalisha dada kwenye kigoda, nikashika wembe, nikaanza kufumua. Kufumua kuna adabu yake: wembe unakata uzi, haugusi ukanda, kwa sababu ukanda ukikatika nywele zote zinaanza kumwagika. Bwana-arusi alikuwa nje, amewasha moto yake muda mrefu. Akachungulia kwa upole.

"Mulamu," akaniita, maana mimi ni shemeji yake, "bado tu?"

"Bado," nikamujibu. "Bibi ni yako. Nywele ni yetu."

Kuosha ni kazi ya mutu mwenye moyo wa subira, na mimi subira ninayo kwa nywele tu. Unaanza kuchanua toka kwenye ncha, unapanda polepole. Mwenye kuanzia juu anakusanya mafundo yote chini, kisha analia. Maji yawe ya vuguvugu. Shampwe unaikoroga kwanza ndani ya beseni, haumwagi juu ya nywele. Unapitisha mikono toka juu kwenda chini, upande mumoja, bila kusugua, kwa sababu ile si suruali ya fundi wa gari. Haukamui. Unazilaza juu ya taulo kivulini, maana jua linakula rangi. Zikikauka, tone moja la mafuta kwenye ncha, zikunjwe ndani ya kitambaa laini, ziingie kwenye mukebe wa biskuti, mukebe ukae juu ya kabati ya Mama. Watoto wa majirani walijua kwamba mule hakuna biskuti, na kwamba mwenye kuthibitisha atanijua.

Mimi niliolewa palepale Saio, nyumba chache toka kwetu, kwa hiyo nikaruhusiwa kubaki na meshi kichwani juma zima la kwanza. Mume wangu alipata shida, maskini. Kabla ya kulala nilikuwa nafunga fulari ya satini, kwa sababu mito ya pamba inakunywa mafuta ya nywele na kuzikata. Yeye akiinua mukono tu, namuuliza anaupeleka wapi. Nikipanda moto, nafunga kitambaa juu ya fulari, na mfuko wa plastiki juu ya kitambaa, na yeye anajifanya hatujuani. Mwisho akaenda kumuuliza Mama kama mimi ninaumwa kichwa tangu utoto.

"Vumilia, mutoto wangu," Mama akamuambia. "Ni mpaka Jumapili."

Ikabaki zamu ya mudogo wetu. Mudogo wetu ni mutu wa sauti ndogo na shingo ngumu, na huu ndio muchanganyiko mubaya kuliko yote, kwa sababu hauoni hatari ikikuja. Kijana aliyemuchumbia alikuwa anafanya kazi hapa mujini, lakini jamaa yake yote ilikuwa Bule, na ng'ombe pia. Ndipo barabara ikaanza kutuchezea.

Amani yetu ya wakati ule ilikuwa amani ya kulala na viatu miguuni. Soko linafunguliwa, watoto wanaenda masomo, watu wanajenga, makwaya yanaimba, lakini kila mutu anajua kifurushi chake kiko wapi. Wakwe wa Bule wanatupigia simu: njia iko muzuri, tunakuja. Kesho yake wanapiga tena: hakuna anayetoka. Ndoa ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mara ya kwanza kusogezwa, habari ilitufikia wakati nimekwisha kumushonea mudogo wetu kichwa kizima, na kazi ile ilikuwa imenichukua tangu asubuhi.

Vita ilichukua kwetu vitu vikubwa, vitu ambavyo sitaki kuvitaja hapa, na nilikuwa nimevibeba bila kelele. Lakini siku ile nilipoona inakuja kula hata meshi, nilikaa chini kwenye uwanja nikalia kwa hasira, na uzi bado mukononi. Mama alingoja nimalize.

"Fumua," akasema. "Rudisha kwa mukebe. Barabara itafunguka tu."

Kila kufumua kuna nywele zinazobaki kwenye kichanuo, hata ukiwa na mikono ya malaika. Ukanda mumoja ulianza kupungua, nikaupindia ncha na kuushona upya kwa uzi mwembamba. Mama alikuwa anakuja, anaangalia kichanuo, ananiangalia mimi, anaenda. Nilijua anahesabu kitu gani. Tusishindwe pale penye mwisho, ndiyo ilikuwa sala yake na yangu.

Katikati ya kungoja huko, kule anakoishi shangazi kukachafuka kwa vita, naye akakuja kukaa kwa Baba. Alikuja na kifurushi cha nguo na chungu kidogo cha mafuta ya ng'ombe. Siye watu wa ng'ombe, yale mafuta kwetu ni kila kitu. Mutoto akizaliwa anapakwa. Muzee akiumwa goti anapakwa. Shangazi alipakwa tangu utoto na ngozi yake haina kasoro, hilo siwezi kumunyima. Basi siku moja, watu wote wakiwa kanisani na yeye amebaki kwa sababu ya miguu, aliona mukebe wa biskuti juu ya kabati. Njaa ni njaa. Akaufungua, akakuta nywele kavu, hazina mwenyewe. Akazihurumia. Akazipaka mafuta ya ng'ombe, ukanda kwa ukanda, toka juu mpaka chini, kwa upendo, hata chungu kikabaki nusu. Akazikunja vizuri akazirudisha.

Hakusema neno, wala hakuona kama kuna neno la kusema. Mimi niligundua siku kadhaa baadaye, nilipoona chungu, wale wadudu wadogo, wanapanda kabati kwa musururu, na paka wa jirani amekaa chini yake anaangalia juu. Nilifungua mukebe. Harufu iliyotoka mule ilikuwa ya zizi zima.

Sauti yangu ilisikika mpaka njia kubwa. Shangazi alitoka juani kule uwanjani taratibu, akaniangalia kama mutu anayeangalia mvua ya kupita.

"Nywele ni nywele," akasema. "Hata yangu imedumu namna hii. Yako iko na nini?"

Niliosha zile meshi mara nyingi kuliko nilivyoosha watoto wangu. Maji ya vuguvugu, shampwe, maji, ndimu, maji, shampwe tena. Mafuta yakatoka, chungu wakaenda, paka akakata tamaa. Ikabaki harufu ndogo ya maziwa, ile unayoisikia ukiweka pua karibu tu. Na kuna jambo linaloniuma kulisema mpaka leo: zilipokauka, zilikuwa laini kuliko siku zilipotoka Kampala. Sikumuambia shangazi. Kuna sifa nyingine mutu akipewa, hatulali.

Mwishowe barabara ikafunguka. Wakwe wa Bule hawakungoja Jumamosi ya ndoa. Njia ikiwa wazi, unapita kwanza, unauliza baadaye. Walifika na ng'ombe na mizigo na wazee wao mbele kabisa ya siku, wakagawanywa kwa majirani. Nyumba yetu ikajaa mabakuli. Ijumaa asubuhi nikashusha mukebe, nikatandika taulo, nikatunga sindano uzi, nikamuita mudogo wetu nimusuke matuta ya kushonea meshi. Hakuwapo. Mama akasema ameenda kutafuta viatu.

Alirudi amefunga kitambaa. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akakivua. Alikuwa ametoka kwa kinyozi wa wanaume, pale karibu na soko. Hakukuwa na nywele ya kushika hata kwa kucha, sembuse ya kusuka.

Niliona miaka yote mbele yangu: wembe, beseni, fulari, chungu. Niliona kesho, shangazi amesimama mulangoni, ile maneno yake imepata mutoto. Lakini zaidi nilimuona Mama, aliyekuwa amesimama na bakuli la mchele, na uso wake ulikuwa wa ile siku ya kichwa kitupu, ile aliyokuwa hajatuhadithia vizuri. Nilitaka kumupiga mudogo wangu. Nasema ukweli, mukono ulikuwa umekwisha kupanda.

"Yaya, ngoja," akaniambia mimi dada yake. Halafu akamugeukia Mama. "Mama, shangazi amesema ile maneno yake kila karamu tangu nilizaliwa. Watu wote wanachekaka. Mimi nilikuwa namuangaliaka Baba. Baba hajawahi kucheka, hata mara moja. Weye uliolewa bila nywele, na Baba hakukuacha, hata wakati wa kukimbia hakukuacha mukono. Mimi nataka kuolewa vile."

Mama aliweka bakuli chini, polepole, si kama anavyoweka masufuria. Akamukaribia, akapitisha kiganja juu ya kile kichwa, toka mbele mpaka shingoni.

"Mutoto akililia wembe, mupe," akasema.

"Na meshi?" nikauliza. Lazima mutu aulize. "Mimi nilichunga hizi meshi kwa nini?"

"Meshi iko na kazi," mudogo wetu akasema. "Kuna mutu hapa ndani hakushonewa siku ya arusi yake."

Mama alielewa kabla yangu, akaanza kurudi nyuma. Akasema yeye ni bibi, ana wajukuu. Akasema watu watasema nini. Akasema mchele utaungua, na mchele ulikuwa bado mubichi. Hapo hasira yangu ikapata mahali pa kukaa. Nikamuambia: "Mama, kwa hizi meshi nimegombana na mume wangu, na mashemeji, na barabara ya Bule, na chungu. Kaa kwa kiti." Akakaa.

Sikuwahi kumusuka Mama. Siku zote alikuwa mutu wa kitambaa, asubuhi mpaka kulala, na siye tulizoea kitambaa hata tukasahau kwamba chini yake kuna kichwa. Nywele zake zilikuwa za mvi, fupi, dhaifu pembeni, na shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Nilisuka matuta madogo kwa uangalifu kuliko nilivyosukia dada, kuliko nilivyosukiwa mimi. Nilimupenda mpaka nikajichoma, nikasingizia sindano. Kanda zilizobaki nzima hazikuwa nyingi. Zilitosha, kwa sababu kichwa cha Mama ni kidogo.

"Usivute sana," alikuwa anasema. Halafu baada ya muda: "Hapa pembeni umeacha." Halafu: "Nipe kioo." Akajiangalia muda mrefu, akarudisha kioo, akaomba kitambaa.

"Kitambaa ya nini tena?" nikamuuliza.

"Ya kulalia. Si uliniambia pamba inakata nywele?"

Kesho yake, baada ya kanisa, uwanja ulijaa. Mudogo wetu aliingia na gauni lake jeupe na kichwa chake kifupi kimepakwa mafuta, mzuri hata nikasamehe nusu. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mulango, pale pale anapopendaga. Akamuona bibi-arusi, na uso wake ukafunguka. Akapiga makofi watu wanyamaze.

"Siye tulitoa ng'ombe," akaanza, na kama kawaida yake akamutafuta Mama kwa macho, maana ile maneno ilikuwa ya kumuambia Mama.

Akamuona. Mama alikuwa amesimama kando ya Baba, bila kitambaa, meshi zimeshuka mabegani, nyeusi. Wakwe wa Bule wakangoja mwisho wa maneno. Mwisho haukukuja. Shangazi aliinuka na miguu yake mibovu, akavuka uwanja, akashika nywele za Mama kwa vidole viwili, akazisogeza karibu na pua. Nadhani alisikia ile harufu ya maziwa.

"Mulamu," akasema, na haikuwa sauti ya karamu. "Ile siku ya kukupokea nilikuwa na kitambaa. Kilikuwa kwa bega yangu."

"Nilikiona," Mama akamuambia.

Shangazi alikuwa analia, na Mama alikuwa anamupangusa kwa kiganja, na mimi niliyetaka kwa miaka mingi kumuona shangazi anakosa la kusema, sikufurahi nilivyofikiri. Nilikuwa nalia pia.

Mupiga picha alikuwa anawapanga maharusi mbele ya maua. Baba, ambaye alikuwa amevua koti kwa joto, alimuomba mume wangu amuletee. Akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akaenda kwa mupiga picha, muzee yule asiyesema mengi, akamuambia: "Utupige siye wawili kwanza. Hatuna picha ya arusi."

Akanyoosha mukono kumuzungusha Mama mabegani, jinsi alivyoona vijana wanafanya.

"Polepole," Mama akamuambia. "Nywele."